Bila cheti cha uasili, mkataba hautufai

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu tunaouza bidhaa nje. Kila mkataba mpya wa biashara huria unapotiwa saini, wengi wetu hudhani ushuru umekwisha. Haujaisha. Mkataba unatupa haki ya kuomba unafuu kwa cheti cha uasili, yaani hati inayoonyesha kuwa bidhaa imetoka nchi iliyo kwenye mkataba, na asiyeomba kwa taratibu zake hutozwa kiwango kilekile cha zamani.

Hilo nililijua kwa hasara. Nilipeleka mikoba niliyoishona kwa ngozi ya hapa nchini, ila zipu zilitoka nchi isiyo kwenye mkataba. Mzigo ulipofika, maofisa wa forodha wa huko wakataka ankara za zipu. Sikuwa nazo. Mteja akalipa ushuru wote, kisha akanikata fedha hizo kwenye malipo yangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mikoba ile ilistahili unafuu! Kanuni ya uasili ilitaka tu malighafi ya kigeni ibadilike kiasi cha kuhama tarakimu 4 za mwanzo za msimbo wa forodha, yaani namba inayotambulisha aina ya bidhaa. Zipu huingia kwa 9607, mkoba hutoka kwa 4202. Nilikosa karatasi tu.

Kwa hiyo nawasihi: kazi ya cheti cha uasili ianze siku malighafi inaponunuliwa, wala tusimwachie wakala wa forodha mzigo ukiwa tayari bandarini. Mwenye shaka kuhusu msimbo au uasili aiombe forodha ya nchi anakopeleka mzigo uamuzi wa awali kwa maandishi, au mteja wake amwombee. Makubaliano ya Uwezeshaji Biashara ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza kutumika Februari 2017, yanazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi huo. Tuangalie pia njia ya meli, maana mikataba mingi hunyima unafuu mzigo uliofanyiwa kazi nyingine katika nchi ya tatu.

Jambo la pili halisemwi kabisa. Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji. Ukipungua, mwenye nafuu ya kwanza ni yeye, nasi tutapata chetu tukikidai wakati wa kupatana bei. Kabla ya kutaja bei, tafuta ushuru wa kawaida wa bidhaa yako katika soko hilo na ule wa mkataba kwa mwaka huu, kwa kuwa viwango vingi hushuka kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Kama wa kawaida ni sifuri tayari, cheti hakikuongezei kitu. Kama ni asilimia 10 na wa mkataba ni sifuri, hapo pana fedha ya kugawana, na mteja anajua hivyo hata asipokwambia.

Naomba gazeti lako, Mhariri, lisiishie kuchapisha picha za utiaji saini. Tuchapishieni na ratiba za ushuru na kanuni za uasili, kwa Kiswahili, bidhaa kwa bidhaa. Fundi wa ngozi hana mwanasheria wa kumsomea viambatisho.

Muuza mikoba nje