Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Misimbo ya Magonjwa ya Figo na Hali ya Chama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha waweka misimbo ya magonjwa mnazifahamu, sitawachosha. Vikao vya robo mwaka vilikaa, mafunzo ya misimbo ya uzazi yalifanyika, na kwenye misiba na harusi tulifikishana. Wanachama tuko 71, waliolipa ada 26, salio benki shilingi 418,000, deni la ukumbi 150,000. Mweka Hazina atafafanua.

Niingie kwenye lile linalosemwa sana pembeni na kidogo sana ukumbini: waraka wa Machi kuhusu N19, yaani msimbo wa figo zilizoshindwa bila kutajwa aina, uliotaka faili la namna hiyo lirudishwe kwanza kwa daktari.

Naambiwa nimewagombanisha na madaktari. Jamani, tuwe wakweli. Kabla ya waraka, faili lililoandikwa "figo zimeshindwa" lilipigwa N19, likaenda kwenye madai ya bima, kazi ikaisha. Lakini ICD-10, kitabu cha misimbo ya magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, imetenga N17 kwa figo zilizoshindwa ghafla na N18 kwa ugonjwa sugu, kuanzia N18.1 hadi N18.5 kwa hatua zake. Mgonjwa ambaye kipimo cha uchujaji kimeshuka chini ya 15 yuko hatua ya 5. Ukimtupa kwenye N19, anayepanga mashine za kusafishia damu atamwonaje?

Lipo faili nililolishika kwa mkono wangu, linakotoka sitataja. Mama aliingia na malaria kali, mkojo ukakatika, akasafishwa damu, figo zikarudi, akaenda zake nyumbani. Kaandikiwa N18.9, ugonjwa sugu usiotajwa hatua! Ugonjwa sugu unataka angalau miezi 3, na huyu hakumaliza hata mmoja. Alistahili N17.9 pamoja na msimbo wa malaria yenyewe. Leo kumbukumbu zinamsoma kama mgonjwa wa figo wa kudumu.

Wapo wanaouliza kwa nini tusisome kretinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, wenyewe tukapanga hatua, ili faili lisirudishwe kwa daktari. Hapana. Sisi tunaweka msimbo wa alichogundua daktari. Kugundua si kazi yetu. Na wale wa N18.6, ya figo zilizofika mwisho, waliyoiokota intaneti: hiyo ni ya toleo la Marekani, kitabu cha Shirika la Afya Duniani hakina.

Madai ya bima yalichelewa mwezi wa Aprili, ni kweli. Lakini Kamati ilipoita mjadala, nani alikuwapo? Kikao cha Februari mimi na Katibu tulikuwa ukumbini tangu saa 3 asubuhi, na chupa za chai na mihogo iliyokwisha kupoa. Hadi saa 6 tulikuwa 9, na akidi ni 24. Tukaahirisha, tukaita tena kama katiba inavyoruhusu, wakaja 11, tukaamua. Waliowasha moto baadaye kwenye kundi la WhatsApp hakuwamo hata mmoja. Waraka wenyewe niliuandika mimi, nikaudurufu kwa fedha zangu, na sijadai kurudishiwa.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuanza kujizoeza ICD-11, toleo jipya la kitabu hicho, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022 na ambamo ugonjwa sugu wa figo umehamia GB61. Mkufunzi tutamtafuta fedha zikipatikana.

Ada ni ileile, 20,000. Mweka Hazina anapokea leo hapahapa, taslimu au kwa simu, na kitabu cha stakabadhi amekuja nacho.

Mwenyekiti