Hata yabisi inasambaa, tusiwakaririshe watoto vingine

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi kwenye ukurasa wenu wa elimu mliandika kuhusu difyusheni, ile hali ya chembechembe kusambaa zenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, mkasema inatokea kwenye gesi na vimiminika ila kwenye yabisi, yaani vitu vigumu, haipo kabisa. Hiyo sentensi hata mi nilikaririshwa shuleni, nikaijibia mtihani nikapewa tiki, na imenichukua miaka kuja kujua sio kweli, ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Mwaka 1896 mwanasayansi wa Uingereza, William Roberts-Austen, alitoa matokeo ya jaribio lake: dhahabu kwa chini, madini ya risasi kwa juu, vimebandikwa pamoja vikawekwa kwenye joto, lakini joto lisilofika nyuzi 327 ambapo risasi inayeyuka, yaani vyote vilikuwa vigumu muda wote. Alipokuja kuikata ile risasi vipande vipande na kuvipima akakuta dhahabu imeshapanda ndani. Sasa vitu vigumu vinasambaaje na hakuna kilichoyeyuka? Ni kwamba atomu za yabisi hazijatulia kama tunavyochorewa, zinatetemeka pale pale zilipo, ikitokea jirani kuna nafasi tupu moja inaruka inaingia, inaacha pengo nyuma, nyingine inaliingia hilo pengo, basi inaenda hivo hivo mdogo mdogo. Ukizidisha joto zinaruka zaidi. Mafundi wa vyuma wanalijua hili vizuri, gia ya chuma inapashwa kwenye kaboni kama nyuzi 900 kwa masaa kadhaa mpaka kaboni inapenya milimita moja hivi, na kwa kuwa atomu ya kaboni ni ndogo haisubiri hata pengo, inajipenyeza katikati ya zile za chuma. Likitoka hapo na kupozwa haraka, jino la gia linakuwa gumu kwa nje na ndani linabaki halivunjiki kirahisi.

Halafu huo mfano wa pafyumu. Mmesema harufu inafika upande wa pili wa chumba kwa difyusheni. Molekuli za hewa kweli zina mbio, karibu mita 500 kwa sekunde, ila zinagongana mabilioni ya mara kila sekunde, kila ikigongwa inageuzwa njia, ikienda mbele inarudishwa, na ndo maana umbali ukizidi mara 10 muda unazidi mara 100. Sentimita moja ni sekunde chache tu, lakini mita tano kwenye hewa iliyotulia kabisa ni kama wiki mbili! Kinachoileta harufu puani haraka ni hewa yenyewe kutembea.

Kwenye maji ni taratibu zaidi, kama mara elfu kumi hivi. Tone la wino ukilidondosha kwenye glasi utaona linajizungusha kama moshi, hayo ni maji yanacheza, difyusheni yenyewe kwa sentimita moja inataka zaidi ya nusu siku.

Kwa hiyo Mhariri naomba toleo lijalo mrekebishe, andikeni tu kwamba kwenye yabisi ipo ila ni ya taratibu sana na inategemea joto. Mtoto wa darasani ataelewa, hailazimu kumdanganya ili iwe rahisi.

Msomaji wenu wa siku nyingi