Ukifika Brno, simama kwenye kile kipande

Kwako rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Ama baada ya salamu, nimefurahi kusikia unataka kutumia likizo yako fupi kutoka Vienna uende Brno, Ucheki, kuona Makumbusho ya Utamaduni wa Waroma, ile jamii iliyosambaa Ulaya nzima. Kwa treni ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Ukishuka stesheni kuu, tembea kama dakika 20 hadi mtaa wa Bratislavská, namba 67. Tenga saa tatu nzima. Wanaokwenda na saa moja huishia kukimbilia chumba cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakatoka wakiwajua Waroma kama maiti tu.

Tuanze na jina, maana kwetu ukisema "Roma" mtu anamuwaza Papa. Waroma si watu wa mji wa Roma, wala jina lao halikutokana na nchi ya Romania, ingawa wengi wanaishi huko. Kwa lugha yao Rom ni mwanamume, Romni ni mwanamke. Waingereza waliwapa jina linalotokana na neno "Mmisri" kwa sababu waliamini wametoka Misri. Wacheki nao wana neno lao, cikán, utakaloliona kwenye hati za zamani. Lisome, lakini usilitamke mbele ya watu, ni la dharau.

Walikotoka ni India ya kaskazini, na ushahidi mkubwa ni lugha. Sikiliza hesabu yao: jekh, duj, trin, štar, pandž, šov, efta, ochto, enja, deš. Moja hadi sita, na kumi, ni za Kihindi. Saba, nane na tisa ni za Kigiriki, walizozichukua walipokaa katika dola la Bizanti, dola la kale la Wagiriki. Sasa hesabu zako wewe: moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu, lakini sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu. Msemaji wa Kiswahili anaielewa safari ya Waroma upesi kuliko mgeni mwingine yeyote, kwa sababu kinywani mwake ana safari ya namna hiyohiyo. Na maji kwao ni pani. Neno hilo utalisikia kwa mwenye duka Mhindi yeyote Kariakoo au Mombasa.

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1991 na wasomi wa Kiroma wenyewe, utawala wa kikomunisti ulipokwisha, na tangu 2005 yako chini ya serikali. Hilo si jambo dogo. Karatasi nyingi za karne zilizopita zinazowataja Waroma ziliandikwa na polisi, mahakimu na mapadri. Kwa hiyo mbele ya kila hati jiulize ni nani aliyeshika kalamu, na kwa nini.

Maonyesho ya kudumu yanaanza India yakija mpaka leo. Yafuate kwa mpangilio huo. Kwenye sehemu ya kazi za mikono usipite haraka, maana hapo ndipo utajua kwa nini baadhi yao walihamahama. Chukua mafundi shaba, wanaoitwa Kalderaš. Sufuria ya shaba ukipikia kitu kichachu, shaba huingia kwenye chakula na kumdhuru mlaji. Dawa yake ni kuipaka bati ndani: unaisugua mpaka ing'ae, unaipasha moto, unayeyushia bati humo na kulieneza kwa kitambaa. Lakini bati hulika kwa kusuguliwa na kupikiwa, ikabidi lirudiwe. Kijiji kimoja hakina sufuria za kumlisha fundi mwaka mzima, basi fundi anazifuata kijiji hadi kijiji. Wengine walikuwa wahunzi, wafyatua matofali, wanamuziki, wauza farasi, na wengi, hasa upande wa Slovakia, walikaa mahali pamoja kwa vizazi. Ile picha ya kila Mroma na gari la farasi iondoe kichwani kabla hujafika.

Sasa kipande. Ukifikia miaka ya 1920, tafuta kitambulisho ambacho Waroma walilazimishwa kubeba. Sheria namba 117 ya mwaka 1927 ya Chekoslovakia, Ucheki na Slovakia zilipokuwa nchi moja, iliwahusu "wanaohamahama" na pia wale walioonekana kuishi kama wao, tafsiri ambayo polisi aliweza kuivuta atakavyo. Kila aliyevuka miaka 14 alisajiliwa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa kitambulisho cha peke yake kilichoandikwa sura na maumbile yake. Familia iliyosafiri ilihitaji kibali kingine. Watoto waliweza kunyang'anywa wazazi. Wewe ambaye babu yako alikuwa Kenya enzi za mkoloni unajua kipande kile cha kuning'iniza shingoni ndani ya kikebe, chenye alama za vidole vya mwanamume Mwafrika. Tofauti ni kwamba Mroma alikuwa raia kamili wa jamhuri yenye bunge.

Kaa hapo, kisha ndipo uingie chumba kinachofuata. Wajerumani wa Hitler walipoitawala nchi, daftari lilikuwa tayari. Tarehe 2 Agosti 1942 waliorodheshwa Waroma kama 6,500, na mwezi huohuo kambi za Lety na Hodonín zikafanywa kambi za Waroma, familia nzima na watoto. Lety walipitia zaidi ya watu 1,300, wakafa wasiopungua 326. Walinzi walikuwa askari wa Kicheki, na hilo ndilo lililofanya nchi ichelewe kulisema kwa sauti. Kuanzia Machi 1943 waliobaki walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland. Treni ya kwanza, yenye watu zaidi ya 1,000, ilitoka hapohapo Brno tarehe 7. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 waliokuwa bado katika kambi ya Waroma huko Birkenau, sehemu ya Auschwitz, zaidi ya 4,000, waliuawa kwa gesi. Wa Ucheki waliorudi hai hawakufika 600. Ndiyo maana Waroma wengi utakaowaona leo mtaani ni wazao wa waliohamia kutoka Slovakia baada ya vita.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Hodonín u Kunštátu, kaskazini ya Brno, ukapaone penyewe kambi ilipokuwa. Tafuta mwenye gari, maana mabasi ni ya kubadilisha na ni machache. Lety iko mbali, kusini ya Prague, karibu na Písek. Hapo, juu ya ardhi ya kambi, utawala wa kikomunisti ulijenga banda kubwa la nguruwe, na nguruwe wakafugwa mpaka serikali ilipolinunua kwa takriban koruna milioni 450. Banda likabomolewa na kumbukumbu ikafunguliwa mwaka 2024. Kumbukumbu zote mbili, ya Hodonín na ya Lety, zinasimamiwa na makumbusho hayohayo ya Brno, kwa hiyo waandikie kabla, uulize saa za kufungua na kama kuna mtembezaji wa Kiingereza.

Jambo la mwisho ni kamera. Makumbusho yako katikati ya mtaa wanaoishi Waroma wenyewe. Ukitoka mlangoni utawakuta watoto wanacheza na kina mama wamesimama wanaongea. Usiwapige picha kana kwamba ni chumba kingine cha maonyesho. Wasalimie kwa "Lačho ďives", yaani siku njema, na "ďives" uitamke kama "dives" yenye d laini.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Ukirudi niandikie kama umekiona kile kitambulisho, na kilikuwa kimeandikwa nini.

Wako,
Salim