Kamati za harusi, niulizeni kenchi kabla ya bei

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na kamati za harusi na waandaaji wa hafla wa hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni sarakasi za angani: napanda kitambaa kilichotundikwa juu, najiviringishia, najiachia, kitambaa kinanidaka karibu na sakafu. Nacheza na dansi pia. Simu ninazopigiwa karibu zote huanza na swali moja, "Dada, shilingi ngapi?" Ukumbi una dari ya namna gani, hakuna anayenieleza.

Mwaka jana niliitwa kwenye sendofu katika ukumbi mmoja maarufu, jina naliacha. Meneja alinionesha ndoano iliyoshika taa kubwa ya urembo. "Hii inabeba taa ya kilo mia," akasema, "wewe si hata sitini hufiki?" Kwa taa alikuwa sahihi, maana taa haijirushi. Mimi nikijiachia kutoka juu na kitambaa kikanidaka ghafla, chuma huvutwa kwa nguvu inayozidi uzito wangu mara kadhaa. Ndiyo maana wafungaji makini wa fani hii hutaka mahali pa kumtundika mchezaji mmoja pahimili karibu tani 1.

Fundi wangu wa kamba alipanda ngazi, akasogeza kipande cha jipsamu, akakuta ndoano imekazwa kwa skrubu kwenye ubao wa mbili kwa mbili. Kenchi ya chuma, ile fremu inayobeba paa, ilikuwepo, ila pembeni kidogo, na mpambaji alikuwa ameshapitishia hapo vitambaa vyake vya pinki. Habari ya kuvifungua hakutaka hata kuisikia. Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo niliyemwamkia shikamoo tangu getini, akanibembeleza: "Mwanangu, panda hivyo hivyo, dakika tano tu." Sikupanda. Nilicheza chini, kwa mironjo, na wageni walishangilia. Nusu ya malipo iliyobaki ikazungushwa mpaka nikachoka kupiga simu.

Nieleze kwa nini ubishi ule haukuwa wa maringo. Kitambaa tunakiunganisha na kamba kwa karabina, pete ya chuma yenye kimlango. Ubavuni mwake huwa pamechapwa nguvu inayoweza kuhimili ikivutwa kwa urefu wake. Ikivutwa kwa ubavu, au pande tatu kwa mpigo, namba ile usiitegemee. Mei 2014, mjini Providence, Marekani, wanawake wanane waliokuwa wamening'inia kwa nywele zao kwenye onyesho la sarakasi walianguka wote kwa pamoja baada ya karabina moja kukatika. Wakaguzi wa usalama kazini walieleza kuwa ilibebeshwa mzigo kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Mcheza dansi aliyekuwa chini naye aliumia. Huyo wa chini namkumbuka kila ninapoona meza ya keki imesogezwa chini ya kitambaa changu, eti mpiga picha anitoe mimi na keki kwenye picha moja, na watoto wameshaizunguka.

Kuna na mashine za fataki za ukumbini. Cheche zikigusa nailoni ya kitambaa changu zinaitoboa, na kitambaa chenye tundu mimi sikipandi tena. Moshi wa mashine nao ukizidi huacha unyevunyevu, mikono inateleza. Halafu muda. Ratiba inasema saa 3 usiku. Mimi nimeshapasha mwili nyuma ya ukumbi, katikati ya masufuria ya pilau na kreti za soda. Mshehereshaji anaongeza zawadi za wajomba, upande wa bwana harusi nao wanataka kutambulishwa upya, naja kuitwa saa 5 misuli imeshapoa. Mshehereshaji akichelewa, mic bado inafanya kazi. Bega langu lililopoa halifanyi.

Bei ninayotaja ina fundi wa kamba ndani yake, ina gari la kubebea magodoro, na ina kufika ukumbini asubuhi kabla wapambaji hawajaanza. Kamati ikitaka kupunguza, wa kwanza kukatwa ni fundi: "Tuna kijana wetu wa taa, mwepesi sana kupanda." Simdharau kijana wa taa, lakini kupanda na kujua chuma kipi kinabeba nini ni kazi mbili tofauti. Mimi hutaka nusu ya malipo mapema, na mkataba useme kwamba nikikuta pa kutundikia hapafai nitacheza chini kwa malipo yale yale. Bila kipengele hicho, msanii mwenye kodi ya chumba shingoni atapanda popote atakapoambiwa. Wapo wadogo zangu kwenye fani wanaopanda hivyo kila Jumamosi. Anayenitaka Desemba anitumie kwanza picha ya dari, pambo lolote likiwa halijafungwa.

Wengine hudhani sarakasi tumeiiga juzi kwenye video za Dubai. Serikali ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi tangu miaka ya 1960, wakarudi wakaunda kikundi cha taifa, na chuo cha Bagamoyo kinafundisha hadi leo. Wakongwe walionifundisha mimi hawakuruhusu mtu aruke hata samasoti moja kabla mkeka haujakaguliwa, na mkeka uko chini, si mita sita juu ya vichwa vya wageni.

Kwa wenye kumbi zinazojengwa sasa Goba, Mbezi na Kigamboni: mhandisi akiwa bado yuko saiti, mwambieni aweke sehemu mbili tatu za kutundikia kwenye kenchi, aandike kila moja inabeba kilo ngapi, na mchoro ubaki ofisini kwa meneja. Ukumbi ukishapigwa jipsamu, kuziweka ni kubomoa.

Mchezaji wa sarakasi za angani,
Kinondoni, Dar es Salaam