Binti yangu ameitia siri ya bibi yake ndani ya shairi. Nimwache alisome?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa San Antonio, jimbo la Texas, na huu ni mwaka wangu wa 19 huku. Mume wangu ni Mmarekani wa asili ya Meksiko. Tuna binti mmoja wa miaka 17, na shairi aliloandika limetugawa nyumba nzima.

Kwanza uwajue wakwe zangu. Wao hawakuhamia Marekani. Ni watu wa Bonde la mto Rio Grande, kusini kabisa mwa Texas, na wazee wao walikuwa pale kabla ya Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 kuufanya mto ule kuwa mpaka. Wana msemo wao: sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Lakini mpaka leo mume wangu huulizwa ametoka wapi, katika mji aliozaliwa. Akivuka mto kwenda Meksiko, wakimsikia anavyobabaika na Kihispania humwita pocho, yaani aliyepauka. Nimeuona uso wake akiitwa hivyo. Hunyamaza safari nzima ya kurudi.

Kihispania hakukikosa kwa uvivu. Mavyaa wangu alianza shule miaka ya 1950. Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilikuwa imeamuru masomo yawe ya Kiingereza tu, na ilidumu hadi 1969. Alichapwa kwa sababu aliomba maji kwa lugha ya mama yake, akajikojolea mbele ya darasa. Siku hiyo aliapa kwamba wanawe hawatapitia hayo. Alipozaa, akawalea kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakiokoteza. Nyimbo za kubembelezea watoto hakuwaimbia, maana hakuzijua za Kiingereza.

Hayo alimsimulia mjukuu wake Desemba iliyopita, wawili hao wakipaka unga wa mahindi kwenye maganda, wakitengeneza tamales za Krismasi. Wanawe hakuwahi kuwaambia. Mume wangu ameijua habari ya mama yake kwa kulikuta shairi mezani.

Shairi lenyewe limechanganya Kiingereza na Kihispania, mstari mmoja huku, nusu mstari kule. Nakiri kwamba mwanzoni nilikataa kuliita shairi. Marehemu baba alikuwa akituma mashairi redioni, nami nimekua nikijua kwamba pasipo vina na mizani hakuna kitu. Nililisoma mara ya pili, na mara ya tatu nikakaa chini. Nakufasiria kidogo: “Bibi alimeza lugha yake ili baba asichapwe. Baba huagiza chakula kwa Kihispania, huomba radhi kwa Kiingereza.” Angeandika kwa lugha moja safi, angekuwa anadanganya. Yeye mwenyewe huongea hivyo, wenzake wote huongea hivyo, na zile lugha mbili zikigongana katikati ya mstari unasikia hasa kilichovunjika.

Anataka kulisoma Aprili, kwenye jioni ya mashairi hapa mjini, mbele ya watu wengi. Baba yake amekataa. Anasema lile ni jeraha la mama yake, si mali ya kutafutia makofi. Binti anajibu kwamba mshairi Gloria Anzaldúa, mzaliwa wa bonde hilohilo, aliandika waziwazi jinsi alivyopigwa rula kwenye vifundo vya vidole kwa kuongea Kihispania wakati wa mapumziko, na kwamba yeye asingejua kuwa bibi yake hakuwa peke yake kama Anzaldúa angenyamaza. Kila mmoja akisema, namwona ana haki. Ila Anzaldúa aliandika ya vidole vyake mwenyewe, na hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza.

Shangazi, kuna jambo jingine, na hili sijamwambia hata mume wangu. Kwenye shairi zima mimi nina mstari mmoja: “Mama akiongea na simu usiku, mimi ni mgeni anayepita kwenda jikoni.” Ni usiku ninapozungumza na dada zangu wa Mombasa. Kiswahili sikumfundisha. Niliona mtoto tayari anavutwa na lugha mbili, nikaogopa kumwongezea ya tatu. Nami nilivalishwa kibao shingoni shuleni, Kenya, kwa kuongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili! Nilikuwa nikimhurumia mavyaa, kumbe nimefanya alilolifanya yeye, tena bila mtu kunichapa.

Na mavyaa ndiye aliyenipokea. Nilipofika hapa hatukuwa na lugha ya kuzungumza kwa raha, kwa sababu sikujua Kihispania na Kiingereza kilimchosha. Basi jikoni akawa anashika kitu, anakitaja, nami nakitaja. Yeye mesa, mimi meza. Bandera, bendera. Azúcar, sukari. Aceituna, zeituni. Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Siwezi kumwona mwanamke huyu akiaibika ukumbini kwa kinywa cha mwanangu.

Nimeshauriwa na rafiki kwamba binti aifute ile beti ya shuleni. Nimejaribu kulisoma bila beti hiyo, linabaki maneno matupu. Wengine wanasema tusimwalike bibi. Hilo silitaki kabisa.

Naomba uniambie. Nimkalishe mavyaa, nimfasirie yote kabla ya siku hiyo, hata ile ya kujikojolea? Au kazi hiyo ni ya binti, aende mwenyewe kwa bibi yake na karatasi yake mkononi? Na mume wangu aanzie wapi kuzungumza na mama yake, ilhali ameijua siri kwa kuichungulia? Na je, kwa mtoto wa miaka 17 nimechelewa? Kwetu shairi hujibiwa kwa shairi, nami nimeshaandika beti mbili za Kiswahili nimjibu, lakini nitampaje kitu asichoweza kukisoma?

Zimebaki wiki tatu. Jana mavyaa alinipigia simu kuniuliza avae nguo gani siku hiyo.

Mama Binti,
San Antonio, Texas