Mlango tulioung'oa usiku

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nyote hamjambo. Nimekawia kuandika kwa sababu ya mchezo wa kuigiza. Tulianza kuuonyesha juzi, na leo ndiyo kwanza nimelala usingizi ukaisha.

Ulipopiga simu uliniuliza, "Wewe huko ni fundi au mchoraji?" Nikacheka tu. Kazi yangu ni kubuni mandhari ya jukwaa, yaani kuta, milango na vyumba ambamo waigizaji wanacheza. Nikishausoma mchezo na kukaa na mwongozaji, nakata kadibodi na kujenga jukwaa zima dogo, kipimo cha 1 kwa 25. Mtu wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 7. Namsimamisha mle ndani, nainama jicho liwe usawa wa kiti cha nyuma kabisa, natazama kama anaonekana.

Safari hii niliinamia viti vya katikati tu. Mlango nilikuwa nimeuweka kwenye ukuta wa kushoto, na kwenye kadibodi ulipendeza kweli. Siku ya mazoezi nikaenda kuketi pembeni, kushoto huko huko. Mwigizaji akaingia, nikasikia sauti bila mtu! Mafundi walikwishapiga misumari, rangi imekauka. Niliwaomba radhi, tukaung'oa usiku ule ule.

Filamu ya mwaka jana ilikuwa kazi nyingine. Jukwaani mtazamaji yuko mbali. Nachora matofali kwa brashi juu ya plaiwudi naye anaridhika. Kamera inasogea hadi kwenye ukucha. Basi kitasa lazima kiwe kimechubuka, na ukuta unaozunguka swichi uwe na weusi wa vidole. Kuna watu wanalipwa kuchakaza vitu vipya, mama, nawe ulivyokuwa ukitugombeza kwa kushika kuta! Vyumba vyenyewe mara nyingi havina dari, ili taa zishuke kutoka juu, na ukuta mmoja unafunguliwa boliti kumpisha mpiga picha. Jiko nililolihangaikia wiki tatu limetokea nyuma ya bega la mtu, sekunde chache, tena limefifia. Nilinuna siku mbili.

Baba alitaka kujua kama kazi hii ina cheo. Mwambie upande wa filamu kipo, kwa Kiingereza "production designer", yaani mbunifu mkuu wa mandhari: Mmarekani William Cameron Menzies alitajwa kwa cheo hicho katika filamu ya Gone with the Wind, mwaka 1939, kwa kuisimamia sura nzima ya filamu. Mimi bado niko chini sana ya hapo, asije akawatangazia watu.

Jumamosi ijayo tunamaliza. Watazamaji wakishatoka tu tunaanza kuvunja. Mbao nzima zinarudi stoo, nyingine zinatupwa. Kitasa cha ule mlango nimeomba niachiwe. Nitawapigia picha kabla ya nyundo kuanza, na ya kwanza nitaipiga nikiwa kwenye kile kiti cha kushoto.

Nisalimie baba na wadogo zangu.

Mwanao