Barua kwa mwanangu: nahodha wako atapumulia wapi?

Malindi

Mwanangu,

Assalam aleikum. Sisi wazima, ila goti la mama yako bado. Picha ulizotuma za vazi unalojishonea la nahodha wa hadithi yako nimeziona kwenye simu yake, nikazikuza mpaka nikaona uzi. Mabega yamekaa. Taharizi ubavuni umeitia kama ya kanzu, na sikumbuki kama niliwahi kukuonyesha, maana nilikuwa nikimfundisha kaka yako, ambaye sasa anauza simu. Mshono umenyooka kuliko wangu wa siku hizi.

Lakini kichwa! Kofia umeiziba pande zote, kioo kimegandishwa mpaka kidevuni, shingoni ukosi wa sponji unene wa milimita 10. Utapumulia wapi, mama? Jumamosi ya wiki ijayo utakuwa Nairobi katika ukumbi wa hizo nguo zenu za katuni, watu wamejaa, taa zinawaka, nawe umevaa reksini, ngozi ya plastiki, kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Utaniambia Nairobi kuna baridi. Baridi iko nje ya nguo.

Nimelisoma tena lile daftari lako la hadithi. Nahodha Mawingu anaishi katika mawingu ya sayari ya Zuhura, kilomita 55 juu ya ardhi yake, kwa sababu chini kabisa joto linapita nyuzi 450. Umeandika mwenyewe kwamba huko juu joto ni kama la huku kwetu, na kanieneo la hewa ni karibu nusu ya la duniani. Basi nani kakwambia avae nguo ya kubana, iliyozibwa kama ya watu wa mwezini? Wale wa mwezini hawana hewa nje, lazima nguo ishike hewa ndani. Wako anahitaji hewa ya kuvuta tu, maana ya pale ni kaboni dioksaidi. Adui wa mwili wake ni matone ya asidi, ile ile ya betri ya gari. Katazame ovaroli za mafundi wa gereji zilivyojaa matundu, utajua pamba inavyoliwa.

Kwa hiyo hadithi yako yenyewe inataka vazi lipwaye. Kipande cha juu kilalie cha chini kama makuti ya paa, tone lianguke nje lisiingie kwenye mshono. Zipu usiiache wazi, ifunike kwa ulimi wa sentimita 4. Na chini ya kila kipande kilicholala pana nafasi, hapo ndipo hewa ipite. Mtazamaji ataona vazi la kuzuia asidi, wewe utapata upepo.

Fanya hivi. Kikwapa cha reksini ukifumue, utie cha neti nyeusi, mraba wa sentimita 12, ukikate mshazari ili kivutike unapoinua mkono. Mgongoni kata dirisha la sentimita 25 kwa 15 chini ya mabega, lishonee neti, kisha juu yake ulaze kipande cha reksini kilichoshonwa upande wa juu tu. Chini kishike kwa velkro ndogo tatu, kati yake paachwe wazi. Lile begi la mgongoni la mitungi ya hewa likilalia dirisha hilo, umefanya kazi bure. Liinue kwa vipande vinne vya sponji vya sentimita 3, kimoja kila pembe.

Reksini yenyewe umeitumia nyingi mno. Mita nne za nini? Mita moja na nusu inatosha mabega, kifua, magoti na mikono ya mbele, mahali macho yanapoanguka. Mapaja kwa ndani, mbavu na mgongo wa chini tumia drili nyembamba ya rangi ile ile. Ukitazama kwa hatua tatu hutofautishi.

Na pale pajani naona mshono umeshaanza kuachia. Si uzi, ni sindano. Umeshona hatua ndogondogo kama unashona shati, reksini ikatobolewa karibu karibu kama stempu, ukichuchumaa inachanika kwenye mstari. Weka hatua ya milimita 3 na nusu mpaka 4, sindano namba 16, uzi wa poliesta. Usitie pini, tundu la reksini halizibi, shika kwa vibanio vya nguo. Mguu wa cherehani ukinata, weka karatasi nyembamba juu, shona, kisha ichane. Pasi usiiguse kabisa, mshono ulaze kwa gundi na upige na nyundo ya mbao.

Jambo jingine, na hili ulisikilize kwa makini. Ulikata moja kwa moja kwenye reksini bila jaribio. Kitambaa cha marekani kiko kila duka, ulikuwa na sababu gani? Kifue kwanza kwa sababu hurudi, kikaushe, ndipo ukate, upige bandi, yaani mshono wa muda, uvae, ukae kitini. Ovaroli huharibika kwenye kukaa. Ukisimama inakutosha, ukikaa inakukaba uti wa mgongo na shingo. Ongeza sentimita 5 nyuma, kiunoni hadi kwenye paja. Au bora zaidi, ikate kiunoni iwe vipande viwili, cha juu kishuke sentimita 15 juu ya cha chini, vishikane kwa velkro, mkanda ufunike. Kwa macho ni nguo moja. Chooni utanishukuru. Na kiunoni hapo hewa itapanda.

Ndani vaa fulana ya pamba. Chini ya reksini jasho halina pa kwenda, pamba italinywa.

Sasa kofia. Kofia za viua za pwani hii, matundu yale si urembo peke yake, joto la kichwa hutokea hapo. Wewe umekulia katikati ya kofia hizo halafu ukajitengenezea sufuria ya mfuniko.

Chukua kipande cha eriali ya redio mbovu, kile chenye upana wa milimita 6, kinoe kingo kwa ndani. Ukikibandika juu ya sponji ukakizungusha, hutoa tundu la duara safi. Kukisukuma hurarua. Toboa utosini, ujipangie nyota au mauapopo, upendavyo. Hesabu yake ni hii: feni ndogo ya milimita 40 ina mdomo wa sentimita za mraba kama 12 na nusu. Matundu 45 ya milimita 6 ndiyo yanayolingana nao. Ukitoboa kumi, feni inazunguka, inapiga kelele, na hewa haitembei, kwa sababu inayoingia haina pa kutokea. Toboa 60.

Feni ikae nyuma ya shingo, ivute hewa ya nje, si itoe ya ndani, na bomba jepesi la sponji ya milimita 2 liilete hewa hiyo mbele, juu ya kioo. Itilie neti, la sivyo itakula misuko yako. Tumia ya volti 5 inayochomekwa kwenye pawabenki. Kuna jambo linawasumbua wengi: pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo, hudhani simu imejaa. Feni moja peke yake inaweza isitoshe kuiweka macho. Unganisha taa zako za kifuani kwenye waya huo huo, mzigo uwe mkubwa, kisha iache ikiwaka saa nzima mezani uone kama inakatika. Isizimike kichwani mwako. Pawabenki yenyewe iwe kwenye mfuko wa kiunoni, kwa nje ya fulana, uweze kuitoa kwa mkono mmoja ikianza kupata moto.

Kioo kitashika ukungu. Pumzi ina joto na unyevu, plastiki ina baridi, vikikutana ni maji. Tone moja la sabuni ya vyombo, paka ndani, lifute kavu kwa kitambaa laini mpaka usilione. Husaidia kwa muda, feni ndiyo dawa. Na chini ya kidevu acha vidole vitatu wazi. Tia neti nyeusi, hakuna atakayejua. Ndani ya kofia usibandike sponji mzunguko mzima, weka vipande vinne, paji la uso, kisogo, na juu ya kila sikio, hewa ipite katikati.

Tena iwe ya kuvuliwa kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa, glavu zimevaliwa. Zile bizimu mbili za nyuma zing'oe. Tia velkro mbele. Usiponisikia kwenye mengine yote, nisikie kwenye hili.

Na gundi. Mama yako anasema unagandisha chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Mwanangu, ile gundi ya viatu moshi wake ni sumu, unakulewesha kabla hujajua umelewa. Toka nje, ukae barazani. Wala haina haraka: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka kidole hakinati, ndipo ubandike. Ukibandika mbichi, kiungo kitafunguka. Ukibandika vizuri hakirudi nyuma, kwa hiyo anza upande mmoja ukishuka taratibu. Wembe wa kukatia badilisha ncha mara kwa mara. Ule ukingo wa mabega uliojaa meno ni wembe butu, usinidanganye kuwa ni mtindo. Ukisugua sponji kwa msasa, vaa barakoa.

Rangi ya kopo iliyopasuka kwenye viwiko ni kwa sababu sponji haikufungwa. Pitisha hewa ya moto mpaka uso ung'ae kidogo, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, tabaka nne nyembamba, kila moja ikauke. Rangi ya akriliki juu yake. Kwenye viungo vinavyokunjwa paka nyembamba, nene hupasuka.

Beji ya begani imenifurahisha. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa kwetu Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, nawe umedarizi 1971. Fumua. Weka gamu mbili, kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, nyuma yake isikunjamane, na uishone kabla hujafunga bega, ukichelewa utaishonea kwapani.

Nilisema maneno mwezi wa Ramadhani kuhusu nguo za katuni na ada ya chuo. Ada imelipwa. Daftari lile nilisoma lote, mpaka pale nahodha anapomwandikia baba yake asijibiwe. Sijui ulilitoa wapi hilo.

Mkanda wa cherehani yangu umekatika tena, nimefunga kamba ya katani kwa muda, ukipita Mombasa uniletee wa ngozi, futi sita. Tangi la maji limepata ufa, fundi anataka pesa kabla hajapanda. Mbuzi amezaa wawili. Mama yako anauliza sufuria yake ya wali, nimemwambia hukuichukua, kumbe naiona kwenye picha ya tatu imejaa gundi.

Safarini, vipande vya sponji usivilaze chini ya mizigo, mkunjo wa joto hubaki. Weka nguo laini ndani ya kofia na ndani ya mabega. Ndani ya buti la basi kunaiva, gundi hulainika na viungo hufunguka, kwa hiyo kofia ipakate. Wembe na gundi vinunue huko huko, ukipanda treni mizigo hukaguliwa. Mkobani tia sindano mbili, uzi mweusi, pini za usalama kumi, velkro nusu mita na chupa ya maji. Shika maji kuliko velkro.

Kabla ya Alhamisi vaa kila kitu, mchana, dakika 20, rafiki akiwa kando yako, upande na kushuka ngazi mara tatu. Nitumie video. Sitaki picha, picha haihemi. Nataka niuone mkono wako ukiivua kofia. Na siku yenyewe, kila nusu saa kofia iwe chini dakika kumi, hata kama watu wanangoja kupiga picha. Wangoje.

Mama yako keshanunua sufuria nyingine, hiyo kaa nayo. Mkasi wangu mkubwa urudishe, usiukatie sponji.

Baba yako